Kukata Picha kwa Haja ya Picha au kwa Saizi ya Karatasi: Uwiano wa Pande katika Picha Mnato na Athari Zake kwa Uhifadhi wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Kila picha mnato ina kingo nne, na kingo hizo huwekwa na mtu, na chombo, au na karatasi. Makala haya yanafafanua namna mpigapicha, mhariri au mtafiti anavyoamua mahali pa kuikata picha, na namna uamuzi huo unavyogongana na saizi sanifu za karatasi, fremu na skrini. Yanaeleza asili ya saizi hizo na hesabu ya kile kinachopotea picha inapolazimishwa kuingia ndani yake. Mifano imechukuliwa Havana, Davos, Gulu na katika pwani ya Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba maudhui ya picha ndiyo yanayopaswa kuamua uwiano wa pande zake, na saizi sanifu itumike kama chombo cha kuibebea tu; na kwamba kwa mtaalamu wa Kiswahili anayepiga picha kanga, mlango au muswada, ukataji usio makini huharibu matini yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mteja anapoingia katika studio ya picha, iwe Morogoro, Kisumu au Bujumbura, swali la kwanza analoulizwa ni la saizi. Anataka picha ya pasipoti, ya kadi ya posta, au kubwa ya kutundika ukutani? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa bei, karatasi na fremu vyote vinalitegemea. Hata hivyo, likiulizwa kwanza hulifunika swali jingine ambalo kimantiki lilipaswa kulitangulia: picha yenyewe inahitaji umbo gani? Bwana harusi aliyesimama peke yake chini ya mwembe anahitaji umbo tofauti kabisa na lile la foleni ya wapiga kura, na yote mawili hayafanani na umbo linalohitajiwa na barua ya kale iliyokunjwa mara nne.

Yafaa istilahi ziwekwe wazi mapema. Kukata ni neno pana, na ndilo linalosikika zaidi studioni. Neno kupunguza nalo hutumiwa, lakini linapotosha kidogo, kwani picha yaweza kupunguzwa ukubwa bila kupoteza hata ncha ya ukingo wake. Kupogoa, neno la wakulima, lina faida yake: mti hupogolewa ili matawi yanayobaki yapate nguvu, na anayepogoa hutakiwa kujua ni tawi lipi litazaa. Katika makala haya, kukata ni kuondoa sehemu yoyote ya picha kuanzia ukingoni. Kupogoa ni kukata kwa kusudi la kuiimarisha sehemu inayobaki. Uhusiano kati ya upande mrefu na upande mfupi unaitwa uwiano wa pande. Istilahi ya “uwiano wa kipengele”, inayojitokeza katika tafsiri zinazofanywa neno kwa neno, haifai hata kidogo. Picha haina kipengele kinachopimwa dhidi ya kingine, ina pande.

2.0 Saizi sanifu zilitoka wapi

Anayedhani kwamba saizi sanifu zilipatikana kwa kutafuta uzuri atashangazwa na historia yake. Karibu zote ni mabaki ya vyombo na biashara. Mbinu ya Louis Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, picha ilifanyika juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba zima lilikuja kuwa na takribani inchi 6.5 kwa 8.5, na wateja wasio na uwezo walichukua nusu ya bamba, robo, au sehemu ya sita. Saizi ilikuwa ndiyo bei. Mwaka 1854, André Adolphe Eugène Disdéri, naye wa Paris, alipata hataza ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya bamba moja, kisha kuzitenganisha na kuzibandika juu ya kadi zenye takribani sentimita 6.4 kwa 10. Picha ikawa rahisi kununuliwa, watu wakabadilishana kadi hizo kama wanavyobadilishana salamu, na watengenezaji wa albamu wakatoboa kurasa zao kwa kipimo hicho. Hapo ndipo usanifu wa saizi ulipopata meno: mwenye picha ya umbo jingine hakuwa na mahali pa kuiweka.

Saizi ya inchi 8 kwa 10, ambayo hadi leo fremu nyingi za madukani huifuata, ilitokana na kamera kubwa za mabamba. Picha ilichapishwa kwa kulilaza bamba moja kwa moja juu ya karatasi, hivyo karatasi ikalazimika kulingana na bamba. Uwiano wake ni 5:4, sawa na wa inchi 4 kwa 5. Kamera zile sasa zimebaki mikononi mwa wachache, lakini fremu zake bado zinauzwa.

Uwiano wa 3:2 una kisa chake. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alitaka kamera ndogo inayobebeka, akachukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Katika sinema, filamu ilipita wima na kila fremu ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza filamu ipite mlalo na kuunganisha fremu mbili kuwa moja, ikawa milimita 24 kwa 36. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na uwiano wake ukarithiwa na kamera nyingi za filamu, kisha na kamera nyingi za kidijitali zinazobadilishwa lenzi. Wapo wanaofundisha kwamba 3:2 ilichaguliwa kwa kuwa inakaribia ule unaoitwa uwiano wa dhahabu, yaani 1.618. Fundisho hilo halina msingi katika kisa hiki: 3:2 ni 4:3 ya sinema iliyozidishwa mara mbili kwa upande mmoja, basi.

Mraba wa sentimita 6 kwa 6, uliotumiwa na Rolleiflex tangu mwaka 1929 na Hasselblad tangu mwaka 1948, una sababu ya kiutendaji. Kamera hizo hutazamwa kutoka juu, zikiwa kifuani au tumboni mwa mpigapicha, na kuzigeuza ubavu ni tabu. Mraba haugeuzwi. Mpigapicha alichukua mraba mzima, kisha akaamua chumbani mwa giza kama picha itakuwa ya wima au ya mlalo. Kwa maneno mengine, kuna kamera zilizotumiwa kwa kutarajia kwamba picha itakatwa baadaye, na anayedai kwamba kukata ni udanganyifu wa kisasa hana budi kulikumbuka hilo.

Televisheni za zamani na skrini za kompyuta zilishika 4:3, na kutoka huko uwiano huo ukaingia katika kamera ndogo za kidijitali na katika vihisi vya simu nyingi za leo. Televisheni za kisasa zikachukua 16:9. Instagram ilianza mwaka 2010 kwa kuruhusu mraba peke yake, na hadi Agosti 2015 ndipo ilipofungua mlango kwa picha za wima na za mlalo. Kwa miaka hiyo mitano, watu wengi ulimwenguni walikata vichwa vya majengo na miguu ya jamaa zao ili tu waingie katika mraba.

Karatasi za ofisi zina uwiano uliobuniwa kwa hesabu. Karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297, inatokana na sanifu ya Ujerumani ya mwaka 1922, na uwiano wake ni kipeuo cha pili cha 2 kwa 1, takribani 1.414. Ukiikunja katikati ya upande mrefu unapata karatasi ndogo yenye uwiano uleule. Ni akili njema, lakini ilikusudiwa nyaraka.

Pwani yetu iliingia katika mkondo huu mapema. Studio za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20, kama vile ya A. C. Gomes na ya Pereira de Lord, zilitoa kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya na Bara Hindi. Kadi ya posta ya zama hizo ilikuwa na takribani sentimita 9 kwa 14. Kabla ya upande wa nyuma kugawanywa sehemu mbili, jambo ambalo posta ya Uingereza iliruhusu mwaka 1902, upande wa nyuma ulikuwa wa anwani pekee, na mwenye kutuma salamu alilazimika kuziandika upande wa picha. Picha ikafinywa ili kuacha nafasi ya maneno. Mtafiti anayezitumia kadi hizo kama ushahidi wa mitaa ya Mji Mkongwe ilivyokuwa anapaswa kujiuliza ukingo wa picha uliwekwa na nani: na macho ya mpigapicha, au na kanuni ya posta.

3.0 Hesabu ya kinachopotea

Kanuni ni nyepesi. Picha yenye uwiano mmoja haiwezi kuijaza karatasi yenye uwiano mwingine isipokuwa kwa kukatwa au kupotoshwa. Tuchukue picha ya 3:2 iliyopigwa kwa kamera ya kawaida na kuipeleka katika karatasi ya inchi 8 kwa 10. Upande mfupi ukiwa inchi 8, upande mrefu ulipaswa kuwa inchi 12. Karatasi ina 10. Inchi mbili kati ya 12, yaani sehemu moja ya sita ya picha, zinatupwa. Katika picha ya ukoo waliosimama mstari mmoja, sehemu moja ya sita yaweza kuwa shangazi.

Picha hiyohiyo katika inchi 5 kwa 7 hupoteza sehemu moja ya 15, na katika inchi 4 kwa 6 haipotezi kitu, kwa kuwa uwiano ni uleule. Picha ya simu ya 4:3 ikichapishwa katika inchi 4 kwa 6 hupoteza sehemu moja ya tisa, na hupotea juu au chini, mahali penye vilemba na viatu. Watu wengi hulalamika kwamba studio “imewakata vichwa”; mara nyingi mashine imejaza karatasi kama ilivyoagizwa, wala hakuna aliyeiambia kwamba vichwa ni muhimu.

A4 ina tabia ya kupendeza ambayo haitajwi sana. Ukizidisha 3/2 kwa 4/3 unapata 2, na kwa hiyo kipeuo cha pili cha 2 kimekaa katikati hasa ya nyuwiano hizo mbili. Picha ya 3:2 hupoteza takribani asilimia 5.7 ya urefu wake ikijaza A4, na picha ya 4:3 hupoteza asilimia ileile ya upande wake mfupi. Kwa anayetakiwa kuchapisha kwa pamoja picha za kamera na picha za simu, karatasi ya A4, au B5 ya milimita 176 kwa 250 ambayo vitabu vingi vya kitaaluma huikaribia, hudhulumu pande zote mbili kwa kipimo kimoja.

Simu ina mtego wake. Mtumiaji anapochagua 16:9 ili picha “ijae skrini”, hudhani ameongeza upana. Kihisi cha 4:3 chenye pikseli 4000 kwa 3000 hutoa pikseli milioni 12. Kwa 16:9 simu hukata juu na chini na kubakisha 4000 kwa 2250, yaani milioni 9. Robo nzima imetupwa kabla ya kubonyeza kitufe, na haiwezi kurudi. Mraba nao hubakisha milioni 9. Ushauri wa kiutendaji unafuata wenyewe: piga kwa uwiano kamili wa kihisi, kata baadaye.

Kukata baadaye kuna gharama pia. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ikichapishwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, hutoa inchi 20 kwa takribani 13.3. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya kimo, hujabakisha nusu ya picha bali robo yake, na chapa nzuri itaishia inchi 10 kwa 6.7. Hii yatosha kwa ukurasa wa kitabu, lakini haitoshi kwa bango.

Njia mbaya kuliko zote si kukata bali kutanua. Mabango ya harusi na ya kampeni za uchaguzi yamejaa nyuso zilizopanuliwa kama unga uliokandamizwa kwa kuwa fundi alivuta pembe moja ya picha mpaka ikajaza nafasi. Picha iliyokatwa imesema sehemu ya kweli. Iliyotanuliwa imebadilisha sura ya mtu.

4.0 Waliokata na waliokataa kukata

Henri Cartier-Bresson, Mfaransa, alijulikana kwa kushikilia kwamba picha hukamilika pale kamera inapobonyezwa. Hata hivyo, picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha Saint-Lazare, ilikatwa. Aliipiga kupitia mwanya wa uzio, na ubao ukaziba sehemu ya fremu. Msimamo wake haukuvunjika kwa sababu ya ubao mmoja, lakini unaonyesha kwamba hata mtetezi mkali wa fremu nzima aliikubali haja ya picha ilipomlazimu.

Arnold Newman alikwenda upande wa pili. Picha yake ya mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, ya mwaka 1946, ilitokana na negativu yenye mengi zaidi: sehemu kubwa ya chumba na ya piano. Newman aliikata hadi pakabaki kifuniko cheusi cha piano kilichotanda kama bendera, na Stravinsky katika pembe ya chini. Hakuna saizi ya dukani iliyompa umbo lile refu la mlalo. Aliitazama picha, akaliona umbo, akalikata.

Mfano unaofahamika zaidi mitaani kwetu ni ule wa Alberto Korda. Tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, katika kumbukumbu ya waliokufa kwa mlipuko wa meli ya La Coubre, alimpiga picha Ernesto Che Guevara. Fremu yake ni ya mlalo, 3:2 ya Leica: kushoto kuna mtu aliyeonekana ubavu, kulia kuna makuti ya mnazi au jamii yake. Korda aliwaondoa wote, mtu na makuti, akageuza picha ikawa ya wima. Kilichobaki ni uso usio na mahali wala saa. Che huyo aliyepitia Dar es Salaam mwaka 1965 katika safari yake ya Kongo ana tarehe, wenyeji na vikwazo. Che wa fulana na wa vioo vya magari hana, na kisu cha Korda kimechangia. Huku ni kupogoa kwa maana kamili: tawi lililobaki limezaa kupita kiasi. Mwanahistoria atataka fremu nzima. Mchoraji wa fulana ataitaka iliyokatwa. Wote wawili wana haki, almradi fremu nzima haijatupwa.

5.0 Davos, Januari 2020

Hadi hapa yaweza kudhaniwa kwamba saizi sanifu ndiyo adui, na kwamba akipewa uhuru mwenye macho mazuri hatakosea. Kisa cha Vanessa Nakate kinaikanusha dhana hiyo. Tarehe 24 Januari 2020, mwanaharakati huyo wa mazingira kutoka Uganda alisimama Davos, Uswisi, pamoja na wanaharakati wenzake wanne vijana wa Ulaya, akiwemo Greta Thunberg. Shirika la habari la Associated Press lilipiga picha yao na kusambaza toleo lililokatwa. Nakate, aliyekuwa mwishoni upande wa kushoto, hakuwemo. Alikuwa Mwafrika pekee katika kundi hilo. Yeye mwenyewe alijitokeza hadharani kulalamika kwamba hakuondolewa mtu mmoja tu bali bara zima. Shirika lilibadilisha picha na baadaye likaomba radhi.

Maelezo yaliyotolewa yanastahili kutazamwa kwa utulivu. Ilielezwa kwamba mpigapicha alikuwa akikimbizana na muda, na kwamba alikata kwa sababu za mpangilio tu: nyuma ya Nakate palikuwa na jengo lililovuta macho. Tuyakubali maelezo hayo kama yalivyo. Kifundi, huenda ukataji ule ulikuwa sahihi; wanne waliobaki walipata mandhari safi zaidi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kanuni za mpangilio hazijui majina. Zinajua mistari, uzito wa rangi, na nafasi tupu. Hazijui kwamba umbo la tano ni mtu aliyesafiri kutoka Kampala ili asikike. Picha ya habari ni kauli kuhusu waliokuwepo, na mwenye kuikata anahariri orodha ya majina, hata kama machoni pake anaondoa jengo.

Kwa hiyo swali la kukata lina ngazi mbili, na mpangilio wake si wa hiari. Kwanza: ni nani na ni nini ambavyo picha hii haiwezi kuvikosa bila kuwa picha ya jambo jingine? Pili, na baada ya hapo tu: ni umbo gani linalovibeba vizuri? Saizi ya karatasi, fremu au skrini ni ngazi ya tatu. Waandishi wa miongozo ya upigaji picha hupenda kuanzia ngazi ya pili, na wenye studio huanzia ya tatu.

6.0 Gulu: saizi inayotoboa picha

Upo mahali ambapo saizi sanifu ina haki ya kutawala, nao ni picha ya utambulisho. Milimita 35 kwa 45, kipimo kinachotumika katika pasipoti na viza za nchi nyingi, au inchi 2 kwa 2 zinazotakiwa na Marekani, vimewekwa ili uso mmoja ulinganishwe na mwingine bila kubahatisha. Hapa hakuna anayehitaji ubunifu.

Lakini hata utawala huo huacha mabaki yake. Katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mpigapicha Martina Bacigalupo alikuta katika studio moja picha za watu walioketi mbele ya pazia, kila mmoja akiwa na tundu la mstatili mahali pa uso. Sababu ilikuwa ya bei. Mashine ya picha za utambulisho ilitoa nakala nne kwa mara moja, na mteja aliyehitaji moja tu hakuona haja ya kulipia nne. Ilikuwa nafuu kuchapisha picha moja ya kawaida na kuukata uso kutoka ndani yake. Uso ukaenda kwenye fomu ya kazi, ya mkopo au ya kitambulisho, na kilichobaki kikawa takataka. Bacigalupo alizikusanya na kuzungumza na wateja, na mkusanyo huo ulichapishwa na kuonyeshwa ughaibuni mwaka 2013.

Anayezitazama huona kile ambacho saizi ya pasipoti iliamua kwamba hakina maana: mikono iliyopakatwa magotini, koti la kuazima linalojirudia kutoka mtu hadi mtu, mtoto aliyekaa pajani kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Mji ule ulikuwa umetoka katika vita vya miaka mingi. Taasisi ilitaka uso. Maisha yalibaki nje ya tundu. Kwa maoni yangu, hakuna somo la chuoni linalofafanua vizuri zaidi maana ya ukingo wa picha kuliko rundo lile la karatasi zilizotobolewa.

7.0 Kanga, mlango na muswada

Wataalamu wa Kiswahili hupiga picha nyingi kuliko wanavyokiri. Wanaotafiti fasihi ya kanga, maandishi ya vyombo vya usafiri, milango ya nakshi na miswada ya hati ya Kiarabu wote hutegemea kamera, siku hizi hasa ya simu. Katika kazi hizo kingo za picha ndizo kingo za matini.

Kanga ina pindo, mji na jina. Ina takribani mita moja na ushei kwa mita moja na nusu, uwiano unaokaribia 4:3 kuliko 16:9. Ikitandazwa na kupigwa kwa 4:3, inaingia karibu yote. Ikipigwa kwa 16:9 kwa kuwa mtafiti aliiacha simu katika mpangilio wa video, pindo la chini hutoka, na jina, linalokaa chini ya mji, hubaki likining’inia ukingoni au hukatwa nusu. Jina bila pindo bado lasomeka, ndiyo. Lakini anayejadili kanga kama utanzu hawezi kuchapisha maneno bila fremu ambayo mbunifu aliyawekea.

Milango ya Zanzibar na Lamu ni mirefu. Maandishi yake, mara nyingine pamoja na mwaka wa Hijria, hukaa katika ubao wa juu wa fremu ya mlango. Mhariri anayetaka picha zote za kitabu ziwe za 5:4 atakata juu au chini, na kwa kuwa kizingiti cha chini kina mlinzi au baiskeli inayoipa picha uhai, atakata juu. Tarehe imekwenda.

Muswada ndio wenye hasara kubwa zaidi. Katika miswada ya hati ya Kiarabu, chini ya ukurasa mara nyingi huandikwa neno moja pembeni, ambalo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Ndilo linalomwezesha mtafiti kupanga upya kurasa zilizochanganyika. Pambizo hubeba masahihisho, maelezo ya maneno magumu, na mikono ya wasomaji wa baadaye. Beti za utenzi mara nyingi hupangwa vipande vikiwa sambamba katika mstari mmoja mrefu, hivyo maandishi hufika karibu na kingo zote mbili. Mtu akikata “sehemu tupu” ili ukurasa ukae vizuri katika safu ya jarida, hukata vyote hivyo. Na karatasi yenyewe ni ushahidi: vipimo vyake, mikunjo, alama za mchwa, tundu za uzi wa jalada.

Utaratibu ufuatao hauna gharama. Karatasi nzima ipigwe pamoja na ukanda wa meza kuizunguka pande zote nne, na rula iwekwe kando, ili msomaji ajue kwamba ukingo anaouona ni wa karatasi, si wa kamera. Kamera iwe sambamba na karatasi. Uwiano uwe ule kamili wa kihisi. Faili la asili lihifadhiwe bila kuguswa, likiwa na jina linaloonyesha kwamba ni la asili, na ukataji wowote ufanywe katika nakala.

Wakati wa kuchapa, karatasi sanifu itumike bila kuilazimisha picha iijaze. Picha ya 4:3 katika karatasi ya inchi 4 kwa 6 hukaa vizuri ikiwa inchi 4 kwa 5.33, na theluthi ya inchi nyeupe kila mwisho. Picha ya 3:2 katika fremu ya inchi 8 kwa 10 hukaa ikiwa inchi 10 kwa 6.67, na mpaka mweupe juu na chini. Mafundi wa fremu wenye ujuzi hukata kadi ya kuizunguka na kuifanya ionekane imekusudiwa. Katika kitabu chenye nafasi ya sentimita 12 kwa upana, picha ya 3:2 itachukua kimo cha sentimita 8. Muswada uliofunguliwa kurasa mbili utaonekana mdogo ndani ya kipimo hicho, na hapo wahariri wetu hushawishika kukata. Ni bora kuulaza ubavu ujaze ukurasa mzima, au kuchapisha ukurasa mzima kwa udogo na kando yake sehemu iliyokuzwa ya mstari unaojadiliwa.

Maelezo chini ya picha nayo yaseme ukweli. Neno moja, “imekatwa”, pamoja na kutaja upande uliokatwa, linatosha. Na picha inapokuwa nzima, iandikwe kuwa ni ukurasa mzima. Wahariri wa juzuu kama hili hudai alama za nukta tatu mwandishi anapodondoa sentensi na kuacha maneno. Picha ya muswada iliyokatwa ni dondoo la namna hiyohiyo, na kwa sasa huchapishwa bila nukta hata moja.